Waya za mlingoti zinalegea kila mara? Angalia kwanza chini ya mlingoti

Kabla hujashika spana kukaza waya tena, subiri kidogo. Mi nilikaza misimu mitatu mfululizo na kila nilipokaza ndo nilikuwa naizidishia boti ugonjwa bila kujua.

Boti yangu ni ya faiba, urefu kama mita 7, mlingoti umesimama juu ya paa la kibanda na ndani chini yake kuna nguzo ya mbao inayoshuka mpaka chini. Msimu wa kwanza waya zililegea, nikakaza mizunguko miwili nikaona kawaida. Msimu wa pili tena. Msimu wa tatu mlango wa choo, ambao uko ubavuni kabisa mwa ile nguzo, ukaanza kugoma kufunga, na mi bila kufikiri nikachukua randa nikaupunguza kwa juu mpaka ukafunga, nikajisifu kabisa. Akaja mzee mmoja fundi wa boti, alikuja kwa shughuli nyingine tu, akaona maranda yamezagaa sakafuni akauliza ya nini haya, nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, mlango haujarefuka. Paa ndo limeshuka."

Sasa haya yanayofuata ndo nilivyojifunza kutafuta, kutoka kwake na kutokana na makosa yangu. Nimeyapanga kwa dalili manake hakuna anayeanza na chanzo, wote tunaanza na kitu kinacholia au kisichofunga.

Kwanza elewa mzigo unapita wapi

Wengi tunadhani mlingoti kazi yake ni kuvutwa pembeni na tanga. Kumbe mzigo mkubwa unaenda chini. Kila waya unayoikaza, ya mbele, ya nyuma, za ubavuni, inauvuta mlingoti kuelekea kwenye deki, alafu jarari, ile kamba ya kupandishia tanga, nayo inaongeza, alafu upepo ukija boti ikalala zile waya za upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, zinabeba karibu kila kitu na mlingoti unagandamizwa zaidi. Kwenye boti ndogo mzigo huo unaweza kukaribia uzito wa boti nzima au hata kuupita, na wote unatua mahali pasipozidi kiganja cha mkono.

Njia yake ni hii, kutoka juu: kisigino cha mlingoti, sahani ya chuma au alumini kinapokaa, deki yenyewe (ngozi ya faiba juu, kiini cha plaiwudi au balsa katikati, ngozi nyingine chini), boriti inayovuka chini ya dari kama ipo, nguzo, kitako cha nguzo, na mwisho mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti kule chini kabisa. Popote kwenye mnyororo huo pakilainika, vyote vilivyo juu yake vinashuka. Ndo maana dalili unaiona juu lakini kilichooza mara nyingi kiko hatua moja au mbili chini ya pale unapotazama, na watu wanafumua deki nzima kumbe deki haina kosa.

Na jua boti yako ni ya aina gani. Kama mlingoti umesimama juu ya deki, fuata yote. Kama unapita kwenye tundu la deki ukashuka mpaka kwenye mwashiri chini, yaani kile kitako kinachopokea kisigino cha mlingoti, ruka mpaka sehemu ya mwashiri, ila soma ya waya manake hiyo ni ya wote.

Dalili: waya zinalegea

Hii ndo dalili ya kwanza karibu kila mara na ndo inayodharauliwa kuliko zote, manake waya zina sababu nyingi za kulegea na nyingine hazina ubaya wowote. Waya mpya zinajinyoosha kidogo mwanzoni, hiyo sawa, kaza mara moja au mbili zitatulia. Waya za upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, kulegea kidogo boti ikiwa imelala kwa upepo mkali, hiyo nayo ni kawaida, usianze kuhangaika. Zikining'inia kabisa kwenye upepo wa wastani, hapo ndo hangaika.

Swali la kujiuliza ni moja: imelegea ipi? Kama ni upande mmoja tu, au waya moja tu, achana na mlingoti, nenda kaangalie bamba inakofungwa hiyo waya, manake yenyewe huenda inapanda, boliti zimelika au kiambaza (ukuta wa ndani ya boti) inakoshikiliwa kimeoza. Kama ni ya mbele na ya nyuma tu, angalia kama boti haijikunji, yaani omo (mbele ya boti) na tezi (nyuma) zinavutwa juu unapokaza, inatokea kwa boti nyepesi na boti nzee. Lakini kama zote zimelegea kwa kiasi kinachokaribiana, za mbele, za nyuma na za ubavuni kote kuwili, basi waya hazijarefuka zote siku moja, mlingoti ndo umefupika. Na mlingoti haufupiki, kwa hiyo umeshuka.

Usiamini kumbukumbu. Kila kikazio cha waya hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana nje, andika kwenye daftari na tarehe, alafu piga alama ya kalamu ya rangi. Mi daftari langu lingekuwepo tangu msimu wa kwanza ningeshtuka mapema sana, manake hakuna waya inayojinyoosha miaka mitatu.

Dalili: mlango haufungi, droo zinabana, dari inalia

Boti inayolia kriii kriii ikipiga bisho, yaani ikienda kuelekea upepo unakotoka, si lazima iwe mgonjwa, ila mlio unaotoka sehemu moja tu karibu na nguzo na unaoanza ghafla baada ya miaka ya kimya, huo ufuatilie. Milango iliyo karibu na nguzo ndo kipimo kizuri kuliko vyote na ni cha bure. Jaribu kuufunga mlango waya zikiwa zimekazwa, alafu jaribu tena waya zikiwa zimelegezwa. Kama ulikuwa unabana na sasa haubani, umeshapata jibu la nusu ya maswali yako. Na tafadhali usiupige randa.

Angalia pia pale kiambaza kinapoungana na ubavu wa boti kwa vitambaa vya faiba. Vikiwa vimebanduka, vina mstari mweupe kama karatasi iliyokunjwa au unaweza kupitisha ukucha, basi kiambaza kimekuwa kikibeba mzigo ambao si wake. Usikimbilie kukibandika tu, manake hicho ni majeruhi, mkosaji yuko kwingine.

Dalili: deki imebonyea kuzunguka sahani, au ina nyufa

Weka ubao ulionyooka juu ya paa, upite karibu kabisa na sahani. Paa nyingi zina mgongo wa asili, zimeinuka katikati, kwa hiyo ubao utachezacheza kwenye huo mgongo, hiyo ndo hali nzuri. Ukikuta mwanya katikati, yaani mgongo umekuwa bonde, ni tatizo. Mvua ikinyesha maji yatakuonyesha hata bila ubao, yatajikusanya mguuni mwa mlingoti.

Nyufa nazo zinasema, ila lazima uzisome. Zinazotawanyika kama nyota kutoka kwenye boliti moja, mara nyingi mtu alikaza boliti kupita kiasi au kuna kitu kiliangukia hapo. Zinazozunguka sahani kwa duara, kama mawimbi ukitupa jiwe majini, hizo ni za deki kukunjwa kwenda chini na hizo ndo za kuogopa. Mstari mmoja ulionyooka unaofuata ukingo wa boriti ya ndani, maana yake pembeni panashuka na juu ya boriti pamegoma. Kujua kama ufa ni wa rangi ya juu tu au umeingia kwenye faiba yenyewe, chukua msasa, sugua eneo dogo mpaka rangi iishe, ufa ukiisha nao hujapoteza kitu, ukiendelea ndani basi faiba imekatika.

Alafu gongagonga. Tumia mpini wa bisbisi au nyundo ndogo ya plastiki, anza mbali ambako una uhakika pazima, usogee taratibu. Pazima panalia ko, ko, kavu. Palipoachana au pameoza panalia bu, bu, kama unagonga godoro. Piga mstari wa penseli kila mlio unapobadilika utapata ramani nzima ya ugonjwa. Kipima unyevu kinasaidia ila kinadanganya kirahisi, kikiwa karibu na chuma kilichofichwa ndani ya deki kitakwambia pamelowa, chumvi juu ya deki kitakwambia pamelowa, kwa hiyo osha, kausha, na usifumue kitu kwa sababu ya mshale wa kipima peke yake.

Kipimo cha fimbo mbili

Hiki ndo kilichoniokoa, hakina gharama, na kama utafanya kimoja tu kati ya vyote fanya hiki.

Waya zikiwa zimekazwa kama siku zote, ingia ndani. Chukua fimbo mbili nyembamba zilizonyooka. Moja isimame sakafuni, nyingine iguse dari, zipishane katikati, zifunge kwa raba mbili ziweze kuteleza lakini zisianguke. Ziweke kama sentimita 10 kutoka kwenye nguzo. Piga mstari mmoja mwembamba wa penseli unaovuka fimbo zote mbili. Alafu pale nguzo inapokaribiana na kiambaza piga mstari mwingine unaovuka nguzo na kiambaza kwa pamoja. Mistari miwili tu.

Sasa toka nje ulegeze waya. Taratibu, kwa zamu, nusu mzunguko hapa nusu mzunguko pale, usizifungue kabisa, mlingoti lazima ubaki umeshikwa, na usifanye siku ya upepo. Zikishalegea vizuri rudi ndani, sukuma fimbo ya juu ili iguse dari tena, na utazame mistari.

Kwangu mistari ya fimbo iliachana milimita 9. Nilikaa pale sakafuni na tochi mdomoni nikaangalia zile milimita 9 kwa muda mrefu, manake paa la boti yangu lilikuwa linapumua. Milimita 1 au 2 kwa boti ya saizi hii nisingehangaika nazo, faiba inacheza. Kuanzia 5 kwenda juu kuna kitu laini mahali fulani.

Alafu soma mistari yote kwa pamoja, na hapa ndo utamu wake ulipo.

Kama nje paa limebonyea chini ya sahani, lakini ndani dari haikusogea na nguzo haikusogea, basi kilichopondeka ni kiini cha deki, katikati ya zile ngozi mbili. Sahani imezama kwenye plaiwudi iliyooza, nguzo imebaki imesimama vizuri chini yake haina habari.

Kama dari ilisogea lakini mstari wa nguzo na kiambaza umebaki pale pale, nguzo haijaenda popote, kilichobonyea kiko kati yake na dari. Hapo ni boriti au kipande cha mbao kilichowekwa kulalia, mara nyingi kimelazwa nyuzi zake zikiwa pembeni na mbao inagandamizwa kirahisi kwa upande huo kuliko kwa wima, au kichwa cha nguzo kimechanika.

Kama dari ilisogea na nguzo nayo ikasogea, kwa kiasi kile kile, shuka chini. Shida iko kitakoni. Ndo ilikuwa yangu.

Angalizo moja: kipimo hiki kinaonyesha kile kinachorudi mzigo ukitoka. Kilichopondeka moja kwa moja hakirudi, kwa hiyo ukipata sifuri usishangilie kabla hujaangalia ubao wa juu ya paa, na ujaribu pia kupitisha kipande cha karatasi kati ya kichwa cha nguzo na dari waya zikiwa zimekazwa. Karatasi ikipita, nguzo haibebi kitu, ni pambo tu, na paa linaning'inizwa na viambaza.

Chini ya nguzo

Fungua ubao wa sakafu. Kama hakuna ubao wa kufungua, yaani mtengenezaji alifunika kila kitu, itabidi ukate dirisha, na mimi naona hiyo dirisha ni ya lazima kwa boti yoyote ile hata kama haina tatizo, manake kitu kinachobeba mzigo wote huo hakifai kuwa mahali usipoweza kukiona.

Nguzo ya mbao inaweza kukaa moja kwa moja kwenye ngama, yale maji machafu yanayokaa chini kabisa, na mbao inakunywa maji kwa ncha yake kuliko kwa ubavu. Juu vanishi inang'aa, chini unga. Chukua bisbisi yenye ncha, sukuma kwa mkono tu, usipige. Mbao nzima inakataa. Iliyooza bisbisi inaingia kama kwenye sabuni. Nguzo ya bomba la chuma cha kawaida angalia kutu chini ya rangi, gonga, magamba yakitoka makubwa usiamini unene uliobaki. Ya alumini iliyokaa juu ya boliti za stenlesi ndani ya maji ya chumvi inatoa unga mweupe, stenlesi inaila alumini pole pole.

Nguzo yangu ilikuwa nzima. Ilikaa juu ya kipande cha mbao kilichofunikwa na faiba pande zote, kimepakwa rangi ya kijivu, kizuri kabisa kwa macho, hata kukigonga hakikusema sana. Yule mzee akaniambia toboa. Nikaweka ncha ya milimita 5 kwenye drili, nikatoboa pembeni. Kwanza ukatoka unga mweupe wa faiba, alafu drili ikaingia yenyewe bila kusukumwa, na nilipoivuta yakafuata maji ya rangi ya chai, yakaendelea kuchuruzika tu, na harufu ya majani yaliyooza ikajaa kibandani. Nikaingiza bisbisi, ikaenda mpaka kwenye mpini.

"Yametoka wapi maji, mzee, si pamefunikwa kote?"

"Tafuta tundu," akasema. "Kuna mtu alitoboa."

Tukalitafuta dakika kumi. Skrubu mbili ndogo, za kushikia waya wa umeme wa pampu, alizipiga mwenye boti wa zamani bila kuweka hata tone la gundi.

Hayo matundu ya kuchunguza yana adabu zake. Ukitoboa deki, toboa kutoka ndani kwenda juu, funga tepu kwenye ncha ya drili kuonyesha kina ili usitokee nje, na usome kinachotoka: chenga kavu nyeupe au za njano ni salama, za kahawia na zinazonata vidoleni pamelowa, uji mweusi hapo hakuna mbao tena. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi, kwa hiyo palipolowa lakini bado pagumu panaweza kukaushwa na kuokolewa, palipogeuka uji hapaokoleki. Ukimaliza ziba kila tundu kwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu. Ukiacha wazi unarudia kosa la yule wa skrubu mbili.

Mlingoti unaoshuka mpaka kwenye mwashiri

Huku dalili ni tofauti kidogo. Deki haibonyei manake haibebi. Piga alama kwenye mlingoti pale unapopita kwenye tundu la deki, tepu ya rangi inatosha. Alama ikizama chini ya ukingo baada ya miezi, mwashiri unashuka au kisigino cha mlingoti kinapondeka. Dalili nyingine ni mti wa chini wa tanga kuanza kukugonga kichwa wakati zamani ulikuwa unapita vizuri.

Maji yanaingia kwa juu kwenye matundu ya jarari, yanatiririka ndani ya mlingoti wote na kutua hapo hapo kwenye mwashiri, kwa hiyo hata boti isiyovuja popote ina kisigino kinacholowa. Mlingoti wa alumini angalia unga mweupe na kingo zilizojikunja nje kama mdomo wa kopo lililokanyagwa. Kukata sehemu iliyolika na kuweka kipande cha kufidia urefu ni kazi ya kawaida, haitishi. Kinachotisha ni mataruma, yaani mbavu za boti, yaliyo chini ya mwashiri. Yakioza, mlingoti unasukuma ngozi ya boti yenyewe.

Kwa boti ya mbao kuna dalili moja isiyodanganya. Ikiwa imefungwa haivuji, ikienda bisho inavuja, ikirudi inaacha. Hapo mlingoti unausukuma mkuku chini na mbao za kwanza zilizo pembeni yake zinaachana mzigo ukija. Utapiga kalafati, yaani kuziba mianya kwa pamba, mpaka uchoke, pamba itatoka tena, manake mwanya unafunguka na kufunga.

Zile boti ndogo za mbio za mtu mmoja, zisizo na waya wala kibanda, mlingoti unaingizwa tu kwenye bomba lililojengwa ndani ya boti. Mchanga ukiingia humo mlingoti unageuka kama msasa, unasaga kitako cha bomba mpaka kinatoboka. Jaza bomba maji mpaka juu, subiri. Maji yakishuka, yanaenda ndani ya boti, usiende nayo mbali mpaka utengeneze. Na ukisimamisha mlingoti ukauyumbisha ukaona deki inacheza kuzunguka shingo, bomba limeachana na deki.

Maji yaliingilia wapi

Hata ukibadilisha mbao zote, kama hujapata njia ya maji utarudi pale pale. Juu ya deki washukiwa ni boliti za sahani, boliti za makapi ya jarari yaliyozunguka mlingoti, na tundu la waya wa taa ya juu. Kuna moja ya kijinga ambayo nimeiona kwenye boti mbili: mlingoti una kitundu chini cha kutolea maji, mtu akakiziba kwa silikoni akidhani anazuia uvujaji, mlingoti ukajaa maji na hayo maji yakapata njia moja tu ya kutoka, tundu la waya wa taa, moja kwa moja kwenye kiini cha deki. Kizibue.

Wapi usimame

Kukagua kote huku unaweza mwenyewe. Kutengeneza kunategemea. Kipande cha kitako au nguzo mpya mtu mwenye mikono anaweza, ila mlingoti ushushwe kwanza, usije ukatoa nguzo na waya zimekazwa, paa litakushukia. Kama haushushiki, legeza waya zote, weka jeki na ubao mpana chini ya dari pembeni ya nguzo na ubao mwingine chini, alafu ndo uguse nguzo. Ukifunga faiba upya, kingo za zamani zisagwe kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani unene wa milimita 5 unateremka kwa milimita 60, wima wima haishiki. Vaa barakoa, vumbi la faiba si la kuchezea.

Ile habari ya kutoboa vitundu na kudunga epoksi nyepesi kwenye mbao iliyooza, mi siikubali hapa. Kwenye kibao cha kukalia sawa. Chini ya mlingoti, epoksi haifiki kwenye uji uliolowa, inagandisha juu tu, na unabaki na ganda gumu lenye uji ndani. Toa kilichooza chote, weka mbao ngumu kavu iliyopakwa epoksi pande zote au vipande vizito vya faiba vilivyounganishwa, ambavyo haviozi kabisa.

Ukiona nyufa nje, chini ya boti, mbele au nyuma ya mkuku, au ngozi imetokeza nje pale chini ya nguzo ukitazama kwa kuilaza macho ubavuni, acha hapo hapo. Hiyo si ya wikendi, tafuta fundi wa kweli na usitweke tanga mpaka aione.

Yangu ilichukua wiki mbili, nyingi zilikuwa za kusubiri pakauke. Kitako kipya, nguzo ile ile ya zamani iliyokatwa milimita chache kwa chini, na kabla ya kuirudisha tulinyanyua paa kwa jeki mpaka mgongo wake ukarudi. Nikakaza waya, nikahesabu nyuzi nikaandika. Msimu umepita hazijabadilika hata moja. Shida iliyobaki ni mlango wa choo tu. Paa lilirudi juu, na mlango nilishaupunguza, kwa hiyo sasa una mwanya wa kidole kwa juu na boti ikiyumba usiku unagonga, ko, ko, ko, mpaka asubuhi.